Kanuni za Mwendo katika Miteremko ya Masimba

Tangu mwaka 2022, kila ifikapo tarehe 7 Julai, wapenzi wa Kiswahili huadhimisha siku ya lugha yao, siku iliyotangazwa na UNESCO mnamo Novemba 2021. Hotuba hutolewa, mashairi hughaniwa, ngoma huchezwa. Aghalabu hakosi msemaji mmoja au wawili wa kusimama na kutamka kwa kishindo kwamba Kiswahili ni lugha ya sayansi na teknolojia. Makofi hupigwa. Kisha watu hurejea makwao, na mwalimu wa fizikia huingia darasani na kuzifundisha kanuni za Newton kwa Kiingereza kama alivyofundishwa yeye, na kama alivyofundishwa aliyemfundisha.

Dai la msemaji huyo si la uongo. Kasoro yake ni kwamba huachwa likielea hewani, bila ya kushikizwa kwenye jambo lolote ambalo msikilizaji aweza kulipima. Makala haya yananuia kulishusha dai hilo hadi ardhini, tena ardhi yenyewe iwe ya mteremko: Masimba, katika Nyaribari Masaba, kaunti ya Kisii, si mbali na mji wa Keroka ulio mpakani mwa Kisii na Nyamira.

Aijuaye nchi ya Abagusii hahitaji kuelezwa habari ya vilima vyake. Barabara hupanda na kushuka, na njia za kuingia vijijini huchepuka kutoka barabara kuu zikateremka hadi bondeni kwenye kijito, kisha zikapanda upande wa pili. Udongo ni mwekundu na mzito. Mvua inyeshapo, na mvua huko si adimu, njia huteleza kama iliyopakwa sabuni. Kwenye njia hizo ndiko hupitishwa majani chai, mikungu ya ndizi, magunia ya mahindi, kreti za soda, watoto wa shule na wagonjwa. Zamani vitu hivyo vilibebwa kichwani, mgongoni au kwa wilbaro. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliziondolea pikipiki ndogo kodi ya ongezeko la thamani, na tangu hapo bodaboda zikaenea hadi vichochoroni. Vijana wengi walipata riziki. Pamoja na riziki hiyo walipewa chombo kinachotii kanuni tatu ambazo hakuna aliyewaeleza kwa lugha wanayoizungumza wawapo stejini.

Kanuni ya kwanza yasema kwamba kitu kilichotulia huendelea kutulia, na kitu kinachokwenda huendelea kwenda kwa kasi ile ile na kwa mstari ulionyooka, mpaka kani fulani kutoka nje ikilazimishe kubadilika. Sehemu ya kwanza haina mgogoro. Kila aliyewahi kuusukuma mkokoteni uliojaa mawe anajua kwamba mwanzo wake ndio mgumu. Sehemu ya pili ndiyo inayoua. Abiria aliyekaa nyuma ya pikipiki hudhani kwamba yeye na pikipiki ni kitu kimoja. La hasha! Pikipiki ikigota shimo na kusita, abiria hana sababu yoyote ya kusita nayo. Mwili wake unaendelea na safari kwa kasi ile ile ya awali, na kitakachoukomesha ni kani nyingine, iwe ni mgongo wa mwendeshaji, au lami, au shina la mkaratusi. Katika kona mambo ni hayo hayo. Watu husema kwamba kona "ilimtupa" mtu. Kona haimtupi mtu. Mtu alikuwa anakwenda moja kwa moja, na barabara ndiyo iliyokata.

Wakenya waliwahi kufundishwa kanuni hii kwa amri. Mwaka 2003 waziri wa uchukuzi, marehemu John Michuki, alitoa kanuni zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zikiyataka magari ya abiria yafungwe mikanda ya usalama pamoja na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Matatu ziligoma, wasafiri wakatembea kwa miguu, hatimaye watu wakafunga mikanda. Walifunga kwa kumwogopa polisi. Wangapi walielezwa kwamba mkanda ni kani ya nje iliyotajwa na Newton, iliyowekwa pale makusudi ili iufikie mwili kabla ya kioo cha mbele kuufikia? Amri isiyoelezwa hudumu kadiri ya kuwapo kwa anayeitekeleza. Polisi akishapitwa, mkanda hufunguliwa.

Hapa lazima pasemwe neno kuhusu istilahi, maana ndipo wanafunzi wa Kiswahili hupenda kukwama. Sifa hiyo ya kitu kukataa kubadilishwa hali yake, wataalamu wetu wameiita "inesha", neno la Kiingereza lililovishwa kanzu. Si neno baya. Limo katika matumizi na halina budi kuheshimiwa. Hata hivyo, ni neno lisilomwambia kijana wa stejini chochote. Neno "inertia" lenyewe ni la Kilatini, na maana yake ya asili ni uvivu, uzembe, kukosa kujishughulisha. Mnajimu Johannes Kepler alilitwaa neno hilo la mitaani akalitumia kwa uzito wa vitu kukubali kusogea, na Newton akalipanua likajumuisha pia vitu vilivyo katika mwendo. Hawakwenda mbali kulitafuta. Sasa, Kiswahili kina neno gani kwa uvivu wa namna hiyo? Kina "ajizi", neno ambalo kila mtoto wa shule ya msingi amelikuta katika methali ya nyumba ya njaa. Ajizi ya mkokoteni, ajizi ya gunia, ajizi ya mwili wa abiria: mwendeshaji wa Masimba ataielewa kabla mzungumzaji hajamaliza sentensi. Huenda wataalamu wakalikataa, na wana haki hiyo. Wasilikatae tu kwa sababu linaeleweka.

Neno "kani" lilipata bahati njema zaidi. Ni neno la kale lenye maana ya nguvu na pia ya ukaidi, na waliolichagua kuwa istilahi ya fizikia waliona mbali, kwa kuwa "nguvu" katika mazungumzo ya kila siku limebebeshwa mizigo mingi mno. Nguvu ni za misuli, ni za umeme, ni za soko, ni za hoja. Fizikia haiwezi kukaa katika nyumba yenye wapangaji wengi namna hiyo. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1990, ilishughulika na kazi hii ya kutenganisha wapangaji, na umri wake sasa umepita miaka thelathini. Asemaye kwamba Kiswahili hakina istilahi za fizikia hajakanyaga maktaba.

Kanuni ya pili ndiyo yenye hesabu. Badiliko la mwendo, yaani mchapuko, huwa kubwa kadiri kani inavyokuwa kubwa, na huwa dogo kadiri tungamo la kitu linavyokuwa kubwa. Kufunga breki ni mchapuko pia, ila umeelekezwa nyuma. Breki ya pikipiki ndogo ina kikomo cha kani iwezayo kutoa. Kikomo hicho hakiongezeki kwa sababu mwendeshaji amepakia abiria watatu badala ya mmoja anayeruhusiwa na Sheria ya Trafiki. Kani ni ile ile, tungamo limeongezeka, basi kusimama kunachelewa. Tungamo likiwa maradufu, umbali wa kusimama nao huwa maradufu. Hakuna maombi wala ustadi utakaoibatilisha hesabu hiyo.

Kasi ni mbaya zaidi, kwani kasi ikiwa maradufu umbali wa kusimama huwa mara nne. Chukua pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa saa, ambazo ni takriban mita 11 kwa kila sekunde. Kwenye lami kavu na tambarare, breki nzuri itaisimamisha katika mita 9 hivi. Ikienda kilomita 80, mita 9 zile zinakuwa 36. Sasa iondoe kwenye lami uitie kwenye udongo uliolowa, ambapo msuguano waweza kuwa chini ya nusu ya ule wa awali, na uipe mteremko unaoshuka mita 10 kwa kila mita 100. Kwa kilomita zile zile 40, mita 9 zinakuwa zaidi ya 30. Juu ya hizo ongeza mita 11 ambazo hupita katika sekunde moja ya mwendeshaji kuona hatari na kuufikisha mguu kwenye breki. Jumla ni mita 40 na ushei. Kwa kilomita 20 kwa saa, umbali wote hauzidi mita 14. Tofauti iliyopo kati ya tarakimu hizo mbili yatosha mtoto kuvuka njia na kufika upande wa pili.

Yapo pia mazoea ya kuzima injini kwenye mteremko ili kuokoa petroli. Ni uchumi unaoeleweka, kwa kuwa bei ya petroli haimhurumii mtu na mlima unatoa mwendo bure. Ila injini iliyo katika gia ya chini ilikuwa ikisaidia kuyazuia magurudumu. Ikizimwa na gia ikatolewa, kazi yote huiangukia breki. Breki iliyobanwa muda mrefu hupata moto, na ikishapata moto mwingi msuguano wake hupungua. Mwendeshaji huona kwamba breki "imekataa" pale pale anapoihitaji, karibu na daraja huko chini. Fundi akiikagua baadaye, ikiwa imepoa, huenda asione ila yoyote. Ndipo maneno ya uchawi na ya daraja lenye mkosi hupata pa kuingilia.

Ama kuhusu upakiaji, Kiswahili si tu kwamba kinaweza kuzungumza. Kilikwisha kuzungumza karne nyingi kabla ya pikipiki ya kwanza kuletwa. Mabaharia wa pwani walijua kwamba jahazi lisilo na shehena hutaabika baharini, kwa hiyo walitia mawe au mchanga chini kabisa ya ngama, uzito walioupa jina la farumi. Walijua kwamba uzito ukikaa chini chombo hutulia, na ukikaa juu chombo huenda mrama. Leo "kwenda mrama" ni nahau ya mipango iliyoharibika na ndoa zilizovunjika. Wachache hukumbuka kwamba asili yake ni kuyumba kwa chombo majini. Mabaharia hao hao walikuwa na kapi na roda za kunyanyulia tanga zito, na wajenzi wakawa na wenzo wa kung'olea jiwe. Haya yote ni fizikia ya kani, tena iliyoandikwa katika msamiati wa kazi, nayo haikusubiri kamati.

Mtazame sasa mwendeshaji wa Masimba aliyefunga kreti tatu za soda, moja juu ya nyingine, kwa kamba za mpira, na mkungu wa ndizi juu yake. Farumi yake iko angani. Kwenye tambarare atafika, maana ana ustadi ambao mabaharia wenyewe wangeuhusudu. Kwenye kona iliyolowa, uzito ule wa juu huivuta pikipiki nje ya mstari wake, na kamba za mpira, ambazo hunyumbuka, huuachia mzigo ucheze. Mzigo ukianza kucheza, chombo kimekwenda mrama. Maneno ya kumwonya kijana huyu yapo, ni matamu, ni mafupi, na yana asili. Yamelala katika kamusi na katika mihadhara ya fasihi ambako "mrama" hufafanuliwa kuwa nahau, mwanafunzi akapata alama yake, mambo yakaishia hapo.

Kanuni ya tatu haihitaji maneno mengi. Kila kani ina kani iliyo sawa nayo na inayoelekea upande wa pili. Mtu hutembea kwa kuisukuma ardhi nyuma, nayo ardhi humsukuma mbele. Matope yakiukosesha mguu mahali pa kusukuma, mtu hupiga hatua asiende popote. Gurudumu nalo huzunguka mahali pamoja likirusha tope. Nchi ya Abagusii ilimtoa Naftali Temu, ambaye mwaka 1968 mjini Mexico aliiletea Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki katika mbio za mita 10,000. Husemwa mengi kuhusu mapafu ya watu wa nyanda za juu. Ni nadra kusemwa kwamba mkimbiaji ni mtu anayejua kuisukuma dunia nyuma kwa mguu wake, na kwamba vilima hivyo ni shule nzuri ya kazi hiyo.

Wapo watakaouliza: ya nini haya yote ilhali Kiingereza kinatosha? Jibu lao limo katika historia ya kanuni zenyewe. Isaac Newton alikuwa Mwingereza, lakini kitabu chake alichokitoa mwaka 1687 kilikuwa cha Kilatini tangu jina hadi neno la mwisho. Kiingereza cha zama hizo hakikuhesabiwa kuwa lugha ya kutosha kwa hoja nzito kama hizo mbele ya wasomi wa Ulaya. Tafsiri ya Kiingereza ya Andrew Motte ilitoka mwaka 1729, miaka miwili baada ya Newton kufariki. Wafaransa walipata tafsiri kamili mwaka 1759, iliyofanywa na mwanamke, Émilie du Châtelet, ambaye naye hakuishi kuiona ikichapishwa. Kwa hiyo lugha inayoitwa leo lugha ya fizikia iliikuta fizikia imekwisha kuandikwa kwa lugha nyingine, ikaazima maneno, ikayabana na kuyanyoosha hadi yakawa yake. Hakuna aliyeiambia isubiri mpaka iwe na uwezo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na wapigania Kiswahili hulikwepa. Mtoto wa Masimba hazungumzi Kiswahili nyumbani. Anazungumza Ekegusii. Kumfundisha kani kwa Kiswahili, watasema, ni kumtoa ugeni mmoja na kumtia ugeni mwingine. Katika madarasa ya chini hoja hii ina nguvu, na ingekuwa dhuluma kuitumia bendera ya Kiswahili kuifunika lugha ya mama. Lakini makala haya hayazungumzii darasa tu. Stejini hukutana Mgusii, Mluo, Mkipsigisi kutoka upande wa Sotik, na dereva wa lori apitaye njia. Kituo cha polisi, gereji, mtangazaji wa redio ya taifa, mwenye duka la vipuri: wote hao huhamia Kiswahili pasipo kushauriana. Mahali ambapo ajali hutokea na mahali ambapo ajali huzungumziwa ni mahali pa Kiswahili. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, imekifanya kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Itakuwa ajabu iwapo lugha rasmi itamtoza mtu faini kwa kupakia abiria wa pili na ishindwe kumweleza kwa nini.

Majirani wa Tanzania hawajaumaliza mjadala huu. Watoto wao wa shule za msingi za umma husoma sayansi kwa Kiswahili, kisha hukutana na Kiingereza wafikapo sekondari. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilikifungulia Kiswahili mlango wa ngazi zote, lakini madarasa ya sekondari yakabaki na Kiingereza chake. Wakenya basi wasidhani kwamba kuna mahali ambapo kazi imekwisha na wao watanakili.

Lawama isiwe ya serikali peke yake. Idara za Kiswahili katika vyuo vikuu zimetoa tasnifu juu ya tasnifu kuhusu uundaji wa istilahi, na nyingi kati yake ni nzuri. Zimehesabu mbinu, zimelinganisha mikabala, zimeonyesha ni kamati gani ilikosea wapi. Mjadala kama "velosi" iandikwe hivyo au iitwe "kasimwelekeo" unaweza kuwakutanisha wasomi asubuhi hadi jioni, na ni mjadala halali. Ila kijitabu cha kurasa ishirini kimwelezacho mwendesha pikipiki habari za ajizi, kani, msuguano na farumi, chenye michoro na tarakimu, kingehitaji mwanafunzi mmoja wa Kiswahili, mmoja wa fizikia na likizo moja. Wote wawili wapo katika chuo kimoja, na pengine hula katika bwalo moja.

Likizo hiyo ikipatikana, waanze na istilahi moja ambayo haijakaa sawa katika vinywa vya watu, nayo ni ile ya mita zinazopita kati ya kuiona hatari na chombo kutulia kabisa. "Umbali wa kusimama" inaeleweka, ingawa huwafanya wengine wahesabu tangu breki ilipobanwa, wakazisahau zile mita 11 za mwanzo. Waipeleke stejini Masimba siku ya soko, wawaulize wenyewe wanaiitaje.